Ametoka na Ametolewa

Nafula, mama,

Ni Jumapili alasiri. Wewe uko Kangemi kwa kinyozi, unakatwa nywele kama chuo kilivyoagiza, na najua utarudi ukishikashika kichwa na kucheka. Mama yako yuko chumbani anapiga pasi mashuka yako meupe. Habari za sabuni, soksi, viatu na kuamka mapema ni zake, na amezishughulikia vizuri kuliko ambavyo ningeweza, kwa hiyo sitazigusa. Mimi nina jambo moja tu la kukuambia, na nimekuwa nikilizunguka tangu jana.

Kesho sitakusindikiza. Najua nilikuahidi, tena mbele ya watu wa kanisa, kwamba nitakufikisha mwenyewe mpaka langoni mwa chuo cha magereza. Mama yako atakupeleka. Saa tatu asubuhi mimi nitakuwa Upper Hill, mbele ya kamati ya nidhamu, na nitakapomaliza kusema huenda nikawa sina kazi tena. Sikuitwa kama mshtakiwa. Nimeomba mwenyewe kusikilizwa. Nataka ujue kwa nini, na nataka ujue kutoka kwangu.

Wewe unaingia magereza kwa sababu ya Meja. Ulipohojiwa wakati wa usajili ukaulizwa nani amekuvutia kazini, ulimtaja yeye, bosi wa baba yako. Uliponisimulia nilicheka, halafu nikabadilisha mazungumzo. Nimekupa hadithi nyingi za Meja, zote za kweli. Moja nimekuwa nikiiruka, kwa sababu ndani yake nimo.

Unajua alivyokuja. Alikuwa jeshini zaidi ya miaka thelathini, akaanza akiwa kuruta kama utakavyoanza wewe kesho, akapanda mpaka akawa Meja katika upande wa usafiri na bohari. Alipostaafu alifuga kuku mwaka mmoja. Alituambia, bila kutabasamu, kwamba aliacha kwa sababu kuku hawana nidhamu. Ndipo akaletwa kwetu kusimamia gereza, na askari wetu hawakumpenda hata kidogo.

"Huyu anadhani bado yuko kambini," walisema. "Tutamaliza mwezi tunapiga kwata na wafungwa."

Hakupigisha mtu kwata. Jambo la kwanza alilofanya ni kuketi jikoni na kula ugali na maharage wanayokula wafungwa, sahani nzima, akiangaliwa na mpishi aliyekuwa akitoka jasho. Kesho yake maharage yaliiva. La pili, alitundika ubao mweusi mlangoni mwa ofisi yangu. Kila jioni saa kumi na moja ilibidi niandike hapo kwa chaki jumla ya wafungwa wa siku hiyo, na kabla jumla ya kitabu changu na hesabu ya mabloku hazijalingana, hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Si askari, si karani, si yeye mwenyewe.

Nilimuuliza siku moja tukinywa chai kwa nini jumla inamkera hivyo. Akaniambia kwamba akiwa luteni mchanga, huko kwenye ukame wa kaskazini, msafara wao ulisimama kuteka maji. Wakati wa kuondoka aliuliza kama watu wote wapo. Koplo akapiga saluti: "Wote wapo, afande!" Wakaenda mwendo wa nusu siku. Usiku walipopanga zamu ndipo waligundua mmoja alibaki kisimani. Walimpata baada ya siku mbili, hai, midomo imepasuka, na yule kijana hakumsemesha luteni wake tena mpaka alipohamishwa.

"Tangu siku hiyo silali bila jumla," Meja aliniambia.

Nilimheshimu sana kwa hadithi hiyo. Pia nilimwogopa zaidi.

Kwamba mimi ni mwoga unajua. Wewe na mama yako mmelifanyia mzaha miaka yote: ninavyofunga mlango wa nyumba hii ya mtaa wa Satellite, nikafika barabarani, nikarudi kuujaribu tena, ninavyosoma ujumbe wa simu mara nne kabla ya kuutuma. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na tisa, nikiwa bado mtoto kwa baba yangu, na tangu siku ile nimeishi kama mtu aliyebebeshwa sufuria ya uji wa moto kwenye kundi la watu. Nilisoma jioni, nikapata diploma ya kutunza kumbukumbu, nikaajiriwa. Kazini nilipona kwa uangalifu. Watu husema karani mwoga ni karani mzuri, hakosei. Mimi nilikosea kwa sababu hiyo hiyo ya uoga.

Kitabu chetu kikubwa kina safu mbili utakazozijua hata ukiwa umelala. Safu ya kwanza ni ya waliotoka. Hao wamemaliza kifungo au mahakama imewaachilia, na kila mmoja lazima awe na hati. Safu ya pili ni ya waliotolewa. Hao wamepelekwa kortini, hospitalini au kazini, na bado ni wetu. Mtu aliyetolewa anahesabiwa, anapelekewa askari wa zamu, anangojwa. Aliyetoka hangojwi na mtu.

Ofisini tunaandika hivyo. Mdomoni watu hawasemi hivyo. Hapa Nairobi ukimtafuta mtu ambaye ameenda tu dukani, utaambiwa ametoka.

Ijumaa moja, miezi mitano iliyopita, hesabu ilikataa. Mabloku yalikuwa na mtu mmoja pungufu kuliko kitabu. Tuliwahesabu mara ya pili, tukapata vile vile. Mvua ilikuwa inanyesha. Askari wa zamu ya mchana walikuwa wamejazana mlangoni mwangu na makoti yao.

"Karani, maliza bana. Mimi naishi mbali."

"Huyu anasoma hicho kitabu kama Biblia."

"Mke wangu atanifungia nje, na nitakuja kulala kwako, karani. Uniandike kwa safu yoyote unataka."

Wakacheka. Simu ikalia, ikawa ni Meja. "Karani, jumla."

"Bado kidogo, afande."

"Kidogo ni watu wangapi?"

"Mmoja, afande."

"Basi si kidogo. Nakupa dakika tano uniambie yuko wapi."

Nikapiga simu langoni. Nilimtaja aliyekosekana, mahabusu wa bloku ya tatu, Mzee Ondieki. Askari wa lango akajibu juu ya kelele za mvua: "Yule mzee wa kukohoa? Huyo ametoka. Ametoka na gari saa nane."

Swali lilikuwa mdomoni mwangu. Ametoka au ametolewa? Lilikuwa swali la sekunde tatu. Lakini ningeuliza, angesema ngoja niangalie, angekwenda kutafuta karatasi, na dakika tano zingeisha. Watu ishirini walikuwa wananiangalia. Nikaandika jina lake kwenye safu ya kwanza: ametoka. Hati ya kuachiliwa haikuwepo, na kitabu hakikubali mtu atoke bila hati, kwa hiyo pembeni nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: hati itafuata. Nikachukua chaki, nikaandika jumla ubaoni. Ililingana. Askari walinipigia makofi.

Ningependa kukuambia kwamba sikujua. Nilijua kiasi cha kutosha. Mkono ulioandika "hati itafuata" ulijua.

Mzee Ondieki alikuwa hospitalini, ile kubwa ya Upper Hill, kifua kimembana. Sajini Kariuki alikuwa amekwenda naye na pingu mfukoni, na karatasi ya kumtoa ilikuwa imelowa kwenye koti la dereva. Orodha ya askari wa kwenda zamu hospitalini hutengenezwa kutoka safu ya waliotolewa. Mzee hakuwamo. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi hakuna aliyekuja kumpokea Sajini. Alingoja mpaka saa sita, akapiga simu ofisi ya zamu.

"Mgonjwa gani? Huyo hayuko kwa orodha. Ngoja... kitabu kinasema ametoka."

"Ametoka aje, na niko naye hapa?"

"Sajini, mimi nasoma kitu imeandikwa. Ametoka. Enda nyumbani ulale."

Sajini alimfungua mzee pingu, akampa pole na hongera kwa pamoja, akamnunulia chai, akaenda zake. Alikuwa ametii. Mzee ndiye hakuridhika. Alimwuliza, "Nimetoka vipi na kesi yangu haijasikizwa?" Sajini akamwambia serikali ina njia zake.

Jumanne hospitali ilimruhusu. Na sasa sikiliza, Nafula, maana hapa ndipo kila nikifika nashindwa kuendelea. Yule mzee, mwenye miaka zaidi ya sitini, hakwenda kwake. Alitembea kwa miguu kutoka Upper Hill mpaka langoni kwetu, amevaa ndala za hospitali, akabisha hodi jela.

"Nani wewe?"

"Ni mimi Ondieki, bloku ya tatu. Nimerudi."

Askari wa siku hiyo akaangalia orodha. "Baba, wewe ulitoka Ijumaa. Enda nyumbani."

"Sijatoka. Nilitolewa."

"Si ni kitu moja?"

"Si kitu kimoja, kijana. Mimi nina kesi tarehe kumi na nane. Nikikosa kortini wataniita mtoro."

"Baba, watu wanalia kutoka huku ndani, na wewe unalilia kuingia! Toka hapa kabla nikufungie kwa fujo."

Wakacheka. Hata mimi, nilipoisikia mara ya kwanza kwenye foleni ya chakula, ikisimuliwa kama kichekesho, nilicheka kabla jina halijanifikia masikioni. Mzee alikaa kwenye jiwe nje ya lango mpaka jioni. Halafu akaenda Kangemi kwenye chumba chake. Jirani aliyekuwa amekosana naye alimwona, akapiga simu, na siku ya pili polisi wakamchukua na kumrudisha ndani. Mtoro. Sasa ana kesi mbili badala ya moja, na ile ya kwanza, kwa jinsi ninavyoijua, huenda angeshinda.

Uchunguzi ukaanza. Kitabu kinasema ametoka, hati hakuna, na aliyeonekana naye mwisho, aliyemfungua pingu kwa mkono wake, ni Sajini Kariuki. Waliona wazi kwamba alikula njama na mzee. Aliyepokea simu ofisi ya zamu alisema hakumbuki simu yoyote. Nilipoulizwa mimi, nilisimama na kusema sentensi niliyoitunga usiku kucha: "Maingizo hayo yalifanywa kulingana na taarifa zilizokuwepo wakati huo." Hakuna mtu ndani ya sentensi hiyo. Iangalie vizuri. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyenyamaza. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. Kiswahili changu kilimridhisha.

Sajini alisimamishwa kazi. Wiki ile ile, nakumbuka, wewe ulikuwa unajaza fomu za usajili mezani hapa.

Hilo ndilo nataka ulijue. Kosa la kwanza lilikuwa la dakika tano, na mtu anaweza kusema lilitokana na mvua na simu. La pili lilichukua miezi minne. Kila asubuhi niliamka nikajiambia: ngoja Nafula ahojiwe. Halafu: ngoja apimwe afya. Halafu: ngoja majina yatoke. Niliogopa kwamba jina langu likichafuka, wataangalia jina la pili kwenye fomu yako na kukuruka. Sijui kama wangekuruka. Sikumwuliza mtu. Niliona ni upendo, na sehemu yake ni upendo kweli, lakini ulikuwa unalipwa na mzee aliyelala sakafuni na Sajini aliyekaa bila kazi, na hakuna aliyewauliza kama wamekubali.

Sikuambii hili ili ubebe. Wewe ulikimbia, ukaruka, ukahojiwa, ukashinda kwa miguu yako na kichwa chako. Nakuambia kwa sababu siku moja mtu atalisema mbele yako kwa ubaya, na sitaki likukute hujui.

Kuna jambo baya zaidi. Sajini Kariuki alikuja kwangu kuomba msaada. Yeye si mtu wa kalamu. Alisema, "Karani, wewe umesoma. Niandikie barua ya kujitetea." Nikamwandikia. Kurasa mbili na nusu, bila kosa hata moja la herufi, nikieleza jinsi alivyotii kitabu. Nilimtetea dhidi yangu mwenyewe na sikujitaja. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

Barua yako ya kuitwa chuoni ilipofika, ulipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nilitoka nyuma ya nyumba peke yangu. Udhuru wangu ulikuwa umeisha. Alhamisi iliyofuata nilimwendea Meja.

Nilisimama mbele ya meza yake nikasema yote, kuanzia simu ya lango. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Jina lake?"

Nikataja namba.

"Nimekuuliza jina, karani."

"Ondieki, afande. Mzee Zakaria Ondieki."

Akageukia dirishani, akaangalia kule kwenye ubao wangu. Nilitegemea anifokee. Ningependelea hivyo. Badala yake alisema polepole, "Yule koplo wangu hakuwa mwongo. Alikuwa ananiogopa. Miaka yote hii nimemlaumu yeye, nikaenda kila mahali natundika ubao. Nilitaka jumla. Sikuwahi kuuliza majina." Akavua miwani. "Jeshini nilijifunza nusu ya somo, nikaja kulifundisha huku kama zima."

Nafula, wewe unamwona Meja kama mtu asiyekosea. Hata mimi nilimwona hivyo. Siku hiyo nilimwona mtu mzima, karibu miaka sitini, akigundua kosa la ujana wake mbele ya karani, na hakulificha kwa cheo chake. Kesho yake ubao ulishushwa. Sasa jioni wafungwa wanaitwa kwa majina, mmoja mmoja, na wanaitikia wenyewe. Inachukua dakika arobaini. Askari wanalalamika kuliko zamani. Ukitaka kumfuata Meja, mfuate katika hilo.

Lakini sijamaliza. Aliniambia pia: "Mfumo ulikuwa wangu. Nitakwenda kwenye kamati niseme nilitoa amri ambayo haikuacha nafasi ya kuuliza. Mkataba wangu unaisha mwakani, hawana cha kunifanya. Wewe una mtoto anaingia chuo. Kaa kimya."

Na mimi nikasema, "Ahsante, afande."

Nilirudi nyumbani nikala sahani mbili. Mama yako alishangaa. Siku tatu nililala kama mtoto.

Ya nne ilikuwa Jumatatu. Niliteremka Kangemi kununua mboga sokoni, na nani anamenya miwa pembeni ya njia? Sajini Kariuki. Amevaa fulana, kisu mkononi, amekonda. Mimi nilitaka kupita. Yeye ndiye aliyeniita.

"Karani! Niaje! Unapita kama hujui wazee wako?"

"Sajini. Habari ya siku?"

"Sajini wa miwa sasa. Hawa wanatii kuliko wafungwa." Akacheka, akanikatia kipande. "Barua yako nimeisoma kwa pasta. Pasta analia! Akaniambia huyo aliyekuandikia ni rafiki wa kweli. Shika, hii si ya kuuza, ni yako."

Nilikula ule muwa nimesimama mbele yake. Sijui ladha yake.

Hapo ndipo nilielewa kwamba Meja hawezi kunibebea. Akisema amri yake ilikuwa mbaya, kamati itamsikitikia, itaandika mapendekezo, na Sajini atabaki aliyefungua pingu. Amri haikuandika jina la Mzee Ondieki kwenye safu ya kwanza. Kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kushuhudia kwamba hapakuwa na njama, kwamba hati haikuwahi kuwepo wala kutarajiwa, na mtu huyo alikuwa anatafuna muwa wa bure.

Nilirudi kwa Meja. "Afande, nimebadili mawazo. Nitasema mwenyewe."

"Umeongea na mkeo?"

"Bado."

"Basi wewe ni jasiri kuliko nilivyodhani." Ndio mzaha pekee niliowahi kumsikia akifanya tangu wa kuku. Akanisogezea karatasi. "Andika hapa sasa hivi, kabla hujatengeneza sentensi zako nzuri."

Nikaandika. Akasoma mstari wa kwanza akairudisha. Nilikuwa nimeandika: "Jina la mahabusu liliingizwa katika safu isiyo sahihi." Akasema, "Nani aliliingiza? Mimi nilikuwa askari, sarufi sijasoma, lakini najua mtu akijificha." Nikaandika tena: "Mimi niliandika ametoka. Nilijua sina hati. Sikuuliza kwa sababu niliogopa." Sentensi tatu fupi. Katika miaka yangu yote ya kuandika sijawahi kuandika zilizonichosha hivyo.

Mama yako nilimwambia Ijumaa. Aliweka chini bakuli alilokuwa akiosha.

"Baba Nafula, unataka kuwa shujaa siku mtoto anaondoka?"

"Si shujaa. Kamati imepanga Jumatatu."

"Na wakikufuta? Na wakimgusa mtoto?"

"Sijui."

"Unasema sijui?"

"Sijui. Nimekuwa nikisema najua, ndiyo maana tuko hapa."

Jumamosi asubuhi nikaona amelipiga pasi shati langu jeupe na kulitundika mlangoni. Unamjua. Hajakubali, lakini hatanizuia.

Nawe nakuambia vivyo hivyo: sijui. Huenda wakanisimamisha, wakanifuta, wakanishtaki. Meja anadhani hawatakugusa wewe, kwa kuwa hukuwa na habari, na amesema atakuwepo kueleza habari ya amri yake. Anadhani tu. Wakikugusa, utanichukia kwa muda, na nitakuelewa. Nitakwenda hata hivyo. Nimejaribu kufikiria asubuhi ya Jumatatu ambapo siendi, nakaa nawe kwenye gari, nakushika mkono, nakuacha langoni mwa chuo cha magereza ukafundishwe kulinda watu, na njia nzima ya kurudi najua jina la mtu niliyemwacha ndani. Asubuhi hiyo siiwezi. Ile nyingine naiogopa, lakini naiweza.

Kuna siku utapewa kitabu. Labda mwaka huu, labda baadaye, watakukalisha kwenye meza kwa sababu una mwandiko mzuri, umeurithi kwangu. Watu watajaa mlangoni na makoti yao. Watakuwa wachovu, na watakuwa na haki ya kuchoka, na mkubwa wako atakuwa kwenye simu, na atakuwa na haki ya kuuliza. Hapatakuwa na mtu mbaya chumbani. Wewe uliza tu swali lako. Wakikuchekea, wacha wacheke, uliza tena. Usione aibu kuwachelewesha. Mimi sikuwa na ujasiri wa dakika tano, na ndio maana sasa nahitaji wa siku nzima.

Na usiwe mkali kwa waoga. Utakutana na wengi ndani ya sare. Ukiwa mkubwa, na utakuwa, mtu akikujibu haraka sana kwamba wote wapo, mwangalie uso.

Nasikia sauti yako langoni. Unamwambia mama wa nyumba ya mbele kwamba kichwa kinahisi baridi, naye anakuambia sasa unafanana na baba yako, pole sana. Mnacheka.

Nilikuwa nimepanga kukunja barua hii na kuificha chini ya nguo zako, uikute ukiwa mbali, wakati mimi nimeshapita yote na wewe huwezi kuniuliza kitu. Sasa hivi, nikiandika mstari huu, naona hiyo ni njia ile ile ya hati itafuata. Sitafanya hivyo. Ukiingia, nitakuita ukae kwenye kiti hiki, nitakupa mkononi, na sitatoka chumbani mpaka uwe umeisoma yote. Halafu uniulize unachotaka.

Mimi niliyeiandika,
Baba yako.